Kibakuli cha metali ya kansa na unyayo: makosa ya kabla mkono haujawa mwepesi

Kosa la kwanza hufanyika dukani, samli haijafunguliwa bado. Mtu anaulizia kibakuli cha Kihindi cha kuchulia miguu, anapewa kitu cha rangi ya dhahabu, kizito kiasi, kinang'aa mpaka anajiona sura ndani yake, analipa na kuondoka. Nyumbani ndipo anapoambiwa na mwenye kujua kwamba alichobeba ni shaba njano, ile ya vinara na sinia, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Kansa, ambayo ndiyo aliyokuwa akiitafuta (jina la Kihindi la metali, si ule ugonjwa), ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati, karibu sehemu 78 kwa 22. Bati la hapa ni madini yenyewe. Mabati ya kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, na viwili hivyo vimekutana kwa jina tu.

Kutofautisha si kazi ngumu. Kiweke kibakuli juu ya ncha za vidole vitatu, kiganja kisikiguse, kisha kigonge ukingoni kwa mwiko wa mti. Kansa ni ndugu wa kengele: inalia, na mlio wake unakaa, utavuta pumzi nzima na kuitoa huku bado unausikia. Shaba njano kwa kawaida hulia kifupi na kunyamaza. Pitisha na sumaku. Ikinasa, chini ya ile rangi kuna chuma, rudisha. Tazama na rangi yenyewe. Kansa mpya ina udhahabu uliofifia wenye wekundu wa mbali, na haina ule mng'ao wa kioo.

Huko India chombo cha kansa huuzwa kwa uzito, kwa hiyo usione haya kuomba kipimwe. Mafundi wa Sarthebari katika jimbo la Assam, na wa Balakati katika Odisha, huifua kansa ikiwa bado nyekundu kwa moto, kwa sababu ikishapoa haikubali nyundo, inapasuka. Tabia hiyo huja nayo mpaka nyumbani kwako. Kibakuli kikiponyoka mkononi wenye mafuta na kuangukia vigae, kinaweza kupata ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Utaujua kwa kukigonga: mlio uliokuwa wa kengele unakuwa wa kopo. Ufa huo nyumbani hauzibiki, na kingo zake zinakata ngozi.

Kipimo cha mwisho cha dukani hakigharimu kitu. Chukua soksi ya nailoni iliyochakaa, uiburute juu ya kitako cha kibakuli. Ikinasa uzi mahali popote, hapo ndipo patakapokwaruza unyayo. Upana wa sentimita nane hivi unawafaa watu wazima wengi. Kikizidi hapo hakiingii kwenye uvungu wa unyayo, na kikiwa chini ya tano kinachimba. Vipo vyenye mpini wa mti na vipo visivyo nao. Vile vya zamani vya Gujarat, ambako chombo hiki huitwa "kansa ni vatki" (kwa Kigujarati, kibakuli cha kansa), ni bakuli tupu, vidole vinashika kwa ndani. Mpini ni mzuri ukimchua mtu mwingine. Ukijichua mwenyewe, mpini unakushawishi kukandamiza, na hapo ndipo matatizo karibu yote ya kazi hii yanapoanzia.

Kiswahili kinatusaidia kuieleza kazi yenyewe kuliko vijikaratasi vya maelekezo vinavyokuja na kibakuli. Kukanda ni kubonyeza na kuminya, kama unga wa chapati. Kuchua ni kusugua kwa nguvu ya kiasi kwa kuufuata msuli, kama anavyofanyiwa aliyeteguka. Kusinga ni kupaka na kupitisha mkono kwa wororo, mafuta au liwa, kama anavyofanyiwa bi harusi. Tumezoea kusema kibakuli cha kuchulia, lakini kazi yake iko karibu zaidi na kusinga. Kukanda hakikandi kabisa. Anayekitumia kukandia atakuwa na unyayo unaouma asubuhi, kisha atasema dawa ya Kihindi haina maana.

Sababu ya wepesi huo imo kwenye elimu yenyewe. Ayurveda, elimu ya kale ya tiba ya India, inataja sehemu 107 za mwili ziitwazo marma, na orodha yake maarufu imo katika Sushruta Samhita, kitabu cha kale cha upasuaji. Kila mguu na kila mkono una 11, kwa hiyo viungo vinne vina 44. Kiwiliwili kina 26, na kichwa na shingo 37. Jina lenyewe limefungamana na neno la kufa. Sushruta hakuziandika ili watu wazibonyeze. Aliziandika kama mahali ambapo kisu cha mganga na mshale wa vitani vinaleta balaa, akazipanga kwa madhara yake: 19 jeraha lake huua mara moja, 33 huua baada ya muda, 3 huua mara kilichochoma kikichomolewa, 44 huacha ulemavu, na 8 huleta maumivu makali tu. Hizo nane za maumivu zote ziko kwenye maungio ya viganja na ya miguu. Matumizi ya kuzichua kwa mafuta ni mkono mwingine wa elimu hiyohiyo, na tahadhari ya mpasuaji bado imo ndani yake. Kwa hiyo ukisikia mtu anafundisha kuzibonyeza marma "mpaka usikie maumivu matamu", muache na maumivu yake.

Za unyayo unazohitaji kuzijua ni chache. Talahridaya, yaani moyo wa unyayo, iko katikati ya unyayo kwenye mstari wa kidole cha tatu. Kshipra iko kwenye utando kati ya kidole gumba na kinachofuata. Kurcha iko juu ya kshipra kwa vidole viwili hivi, na vidole hapa ni vya mwenye mguu, kwani kipimo cha angula ni upana wa kidole chake mwenyewe. Kurchashira iko chini ya kifundo, upande wa ndani na wa nje. Gulpha ni kifundo chenyewe, pale mguu unapoungana na muundi. Ukipanda juu, indrabasti iko katikati ya shavu la mguu, kwenye mstari unaotoka kisiginoni.

Sasa usiku wa kwanza. Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu, kausha, na katikati ya vidole kausha kwelikweli. Tandika taulo ambalo hutalililia. Kibakuli kiloweke kwenye maji ya moto kiasi kwa dakika mbili tatu, kifute, kisha kijaribu kwa ndani ya kifundo cha mkono kama unavyojaribu maziwa ya mtoto. Kibakuli cha baridi kinafanya kazi, ila msuli unajikunja kinapogusa, na utapoteza dakika tano za mwanzo kuubembeleza. Chenye mpini usikiloweke mzima, maji yanalegeza gundi.

Samli kijiko kimoja cha chai kwa kila unyayo. Hapa ndipo mahali unapoishi panapoamua. Pwani, Dar es Salaam au Mombasa, samli iliyo mezani huwa imeyeyuka nusu na inateleza vizuri. Nairobi mwezi wa saba imeganda, na ukiipaka hivyo itajikusanya chini ya kibakuli kama nta. Iyeyushe kwanza kwa kuweka kikombe chake ndani ya maji ya moto, au tumia mafuta ya ufuta, ambayo Ayurveda yenyewe inayahesabu kuwa ya kutia joto na yanafaa majira ya baridi. Mafuta ya nazi na samli huhesabiwa vya kupoza, na hupewa mtu anayelalamika kwamba nyayo zinamuwaka usiku. Nazi nayo huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo nyanda za juu ina kasoro ileile ya samli.

Wengine hutumia samli iliyooshwa mara mia, shatadhauta ghrita: samli inasuguliwa ndani ya chombo cha shaba pamoja na maji ya baridi, maji yanamwagwa, yanatiwa mengine, hivyo hivyo mara 100, mpaka inakuwa nyeupe na laini kama krimu. Ni nzuri, haina unata, na itakula mchana wako mzima. Kwa miguu tu ya nyumbani sioni ulazima.

Kaa kwenye kiti, mguu wa kushoto juu ya goti la kulia. Paka samli kwa mkono kwanza, unyayo wote na pembeni mpaka chini ya vifundo. Chukua kibakuli kwa vidole vilivyolegea, ukijipa sheria moja: uzito wa kibakuli ndio nguvu, mkono unaongoza tu. Anza na mivuto mirefu kutoka kisiginoni kwenda vidoleni, kama 20, polepole. Kisha duara ndogo kwenye kile kilima cha nyama chini ya vidole. Halafu rudi katikati, chora tarakimu ya nane iliyolala, duara moja chini ya vidole na la pili kisiginoni, zikatane kwenye talahridaya. Mwisho kiache kibakuli kitulie juu ya talahridaya kwa pumzi tano bila kukisogeza. Kwenye kshipra kibakuli hakiingii, usikilazimishe kwa ukingo wake. Tumia kidole gumba cha mkono. Kurchashira na gulpha zizungushie vidole vitupu, kibakuli kisigonge mfupa. Dakika kumi kwa kila mguu zinatosha, kumi na tano ndiyo mwisho.

Sikiliza sauti. Samli ikiwa ya kutosha, kibakuli kinapita kimya, na kile kinachosikika ni kama mkono juu ya hariri. Samli ikianza kuisha inakuja sauti nyingine, kitu kama kiatu cha mpira kwenye sakafu yenye maji, na mkononi unahisi ngozi inavutwa badala ya kutelezewa. Ni pale pale unapotakiwa kusimama na kuongeza nusu kijiko. Wanaoanza huendelea, kwa sababu mvutano ule unawapa hisia kwamba kazi inafanyika. Wanachofanya ni kuichubua ngozi ya uvungu, ambayo ni nyembamba, na kesho yake maji ya kuogea yanawachoma.

Kabla hujamaliza mguu wa kwanza utaona kijivu. Samli iliyokuwa njano inageuka rangi ya majivu, kisha nyeusi, na nyayo zinaonekana kama za mtoto aliyecheza kwenye makaa. Hapo wauzaji wana hotuba yao: hizo ni sumu, ni joto, ni asidi inatoka mwilini, na kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo ulivyokuwa mgonjwa. Fanya jaribio la dakika tatu. Chukua kitambaa safi cha pamba, kipake samli, kisugue kwa kibakuli kilekile. Nacho kitabadilika rangi, na kitambaa hakina ini. Kinachotoka ni chembechembe za shaba na bati zinazosagika na kuchanganyika na mafuta. Jasho lenye chumvi na uchachu linaharakisha, ndiyo maana mguu mmoja unaweza kuwa mweusi kuliko mwingine, na siku ya joto kuliko ya baridi. Samli ikiachwa ndani ya kibakuli siku kadhaa inaingia ukijani, kwa sababu asidi za mafuta zinaila shaba. Ni jambo la metali hilo.

Nalisisitiza hili kwa sababu lina gharama. Anayeamini weusi ni sumu huifukuza sumu: anachua nusu saa, saa nzima, kila usiku, akingoja siku samli itakapobaki njano. Siku hiyo haifiki. Kinachofika ni maumivu ya kano iliyotandazwa chini ya unyayo, hasa anapokanyaga chini asubuhi kwa mara ya kwanza. Kama yamekufika, weka kibakuli kabatini wiki nzima, na ukirudi anza na dakika tano, usiku mmoja unachua, mmoja unapumzika.

Na faida iliyobaki baada ya kuondoa hotuba si ndogo. Charaka Samhita, kitabu kingine cha kale cha Ayurveda, inasifu kupaka miguu mafuta kwa kuondoa ukavu, ukakamavu, uchovu na ganzi, na tatu za kwanza utaziona mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Magaga ya kisigino yanalainika, uchovu wa kusimama kutwa unashuka, na usingizi, kwa wengi, unakuja mapema. Ganzi nitaizungumzia kivyake.

Gharama ambayo hakuna anayekuonya ni ya kufua. Samli nyeusi ikikauka kwenye shuka haitoki kirahisi. Kabla ya kusimama, futa nyayo kwa gazeti au karatasi, kisha zisugue kwa unga wa dengu mkavu, kijiko kimoja kila mguu; unga unanyonya mafuta na kuondoka na kijivu. Taulo lenye doa litiwe unga huohuo, likung'utwe, kisha lipakwe sabuni ya vyombo likiwa bado kavu, ndipo maji ya moto. Ukianza na maji, doa linahamia upande wa pili. Baada ya hapo vaa soksi, na hili ni la lazima hata kama chumba kina joto. Unyayo wenye samli kwenye vigae vya bafuni ni mwanguko unaosubiri, na aliyeanguka saa nne usiku hatakumbuka marma hata moja.

Kibakuli nacho kifutwe usiku uleule: karatasi, unga wa dengu, maji ya moto na sabuni kidogo, kukausha mara moja. Ndimu na chumvi, au ukwaju, vinakirudishia mng'ao, lakini visuuzwe ndani ya dakika moja. Ukiviacha vinakula juu na kubakisha madoa mekundu. Steeli waya usiiguse kabisa, kila mkwaruzo wake utaukuta kwenye soksi ya nailoni. Kibakuli cha miguu kisirudi jikoni, na samli iliyobaki isirudi chupani.

Sasa wasiofaa kufanya hivi bila kuuliza. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimeanza kufa ganzi: hatahisi kibakuli kikiwa cha moto kupita kiasi, hatahisi ngozi ikichubuka, na kidonda cha mguu wa kisukari si kidonda cha kuchezea. Ganzi inayokuja bila sababu ya wazi nayo ni ya kupelekwa hospitali, hata kama vitabu vya kale vinaisifia samli. Hata mwenye kisukari aliyeruhusiwa na daktari asiache mafuta katikati ya vidole, unyevu ule unaleta fangasi na mipasuko. Atazame nyayo zake kwa kioo kila siku. Anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu huvilia damu chini ya ngozi kwa shinikizo dogo. Mjamzito aulize kliniki kwanza. Mwenye mishipa iliyovimba na kujikunja asipandishe kibakuli juu ya kifundo, indrabasti aiache. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma shavuni, usiuchue kwa chochote, wala usimruhusu mtu auchue. Inawezekana ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuisukuma kunaweza kuipeleka mapafuni. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Kuna pia wale ambao goti au nyonga haziwaruhusu kupandisha mguu. Hao wasijikunje kwa ajili ya kibakuli. Kunja taulo lenye unyevunyevu, lilaze sakafuni mbele ya kiti, kifudikize kibakuli juu yake, kitako kikitazama juu, kipake samli, kisha utembeze unyayo juu yake mbele na nyuma ukiwa umeketi. Unyevu unakizuia kisitoroke. Uzito wa mguu uubakize pajani, usiumwagie wote kibakuli, na usisimame juu yake hata kwa mzaha. Chenye mpini hakifai kwa namna hii.

Kama kansa haipatikani ulipo, au bei yake haishikiki, usingoje. Kibakuli cha shaba njano kilichopita jaribio la soksi kinateleza vilevile, na kitatoa kijivu chake pia. Hata mgongo wa upawa wa kifuu, ule uliotumika miaka mpaka ukalainika, unafanya kazi: ni mwepesi, una joto lake, haupasuki ukianguka, na samli inabaki njano tangu mwanzo mpaka mwisho. Utafute ule ambao mshikio wake umefungwa vizuri, na jikoni waambie hautarudi.